Gunia Moja, Rekodi Mbili: Kisa cha Mfumo wa Kununulia Mwani Pemba

Kisa hiki kilitukuta mimi na wenzangu wawili, watengenezaji wa programu wa Unguja mjini, baada ya kumjengea mnunuzi mmoja wa mwani mfumo wa kurekodi manunuzi katika vituo vyake vya kaskazini mwa Pemba, upande wa Micheweni. Kwa muda wa karibu miezi mitatu mfumo ulikuwa ukionyesha kilo nyingi kuliko zilizokuwamo ghalani. Kisha, baada ya sisi kuurekebisha na kutangaza kuwa umepona, ukaanza kuonyesha kilo chache. Kosa la pili ndilo lililowaumiza watu zaidi, tena tulilifanya tukiwa tumekwishajua chanzo cha lile la kwanza, kwa hiyo nitakaa nalo kwa kituo.

Kazi ya mwani na siku zake

Asiyeishi pwani ya Pemba anahitaji kuelezwa kidogo jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, maana bila ya hilo nusu ya kisa haitaeleweka. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Hulimwa zaidi aina mbili, ambazo vituoni huitwa spinosamu na kotonii, nazo hununuliwa zikiwa kavu, kwa kilo, ili zitolewe karajinani, kitu kinachotumika kuvitia uzito vyakula vya kusindikwa na dawa ya meno. Mkulima hufunga mbegu kwenye kamba zilizotandwa baina ya vigingi, na shamba lake hulifikia kwa miguu maji yanapotoka sana, yaani wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo, kwetu, maji huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne na saa tano za asubuhi. Mwani uliovunwa huanikwa kwa siku kadhaa, ndipo hutiwa magunia na kupelekwa kituoni.

Kwa hivyo kituo cha ununuzi hakina kazi sawa kila siku. Zipo siku karani anapima magunia matatu kisha anafunga mlango akaenda zake. Na zipo siku chache, mara mbili kwa mwezi, ambapo foleni hutoka mlangoni hadi kwenye minazi. Jambo hili kila mtu wa Micheweni analijua. Sisi tuliokuwa tukitazama chati mjini hatukulijua.

Mfumo wetu ulikuwa mwepesi. Karani anapima gunia kwenye mzani wa kuning'iniza, anaandika katika simu jina la mkulima, aina ya mwani na kilo, anapiga picha uso wa mzani, kisha anabonyeza kitufe cha Tuma. Seva, yaani kompyuta inayopokea rekodi za simu zote, inaipokea rekodi, inaihifadhi katika hifadhidata, inatengeneza stakabadhi yenye picha ile, halafu inairudishia simu jibu. Simu ikipata jibu inaandika "Imetumwa", isipopata jibu ndani ya sekunde 30 inaandika "Imeshindikana. Jaribu tena." Sekunde hizo 30 hatukuzipima popote. Tuliziweka kwa sababu tukiwa ofisini zilionekana nyingi.

Kabla ya kuujenga nilikwenda katika kimoja cha vituo hivyo, nikakaa na karani wake, mama mtu mzima ambaye alianza kupima mwani kabla mimi sijaingia skuli. Alinionyesha daftari lake lenye safu tano: Na., Jina, Aina, Kilo, Sahihi. Nilipiga picha ukurasa mmoja, na niliporudi mjini nikaugeuza kuwa jedwali la hifadhidata, safu kwa safu. Mahali pa sahihi pakakaa picha ya mzani. Pembeni ya safu ya Na. niliandika: "Haihitajiki, hifadhidata itajaza yenyewe."

Kilo zisizokuwapo

Malalamiko ya kwanza yalitoka kwa msimamizi wa ghala, aliyepima upya shehena ya vituo vitatu kabla ya kuisafirisha na kukuta imepungua kuliko ilivyoandikwa. Hapakuwa na aliyeishuku programu. Mwani usiokauka vizuri hupoteza uzito ukikaa ghalani, hivyo maelezo yalikuwa tayari: akinamama wanaleta mwani wenye maji, na makarani wanawafumbia macho. Maneno hayo yalisemwa vituoni, mbele za watu. Mama mmoja, kama nilivyosimuliwa baadaye, alirudishwa na magunia yake manne akaanike tena mwani uliokwisha kukauka hadi chumvi imetanda juu yake.

Hitilafu ya programu yenye maelezo mengine ya kukubalika huishi muda mrefu, na katika muda huo lawama humwendea mtu asiyekuwa na njia ya kubishana na tarakimu za kompyuta. Nalisema hili hapa kwa sababu sisi wenyewe, tulipopata habari, tulilikubali jambo la unyevu kwa wiki nzima kabla ya kufungua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe.

Tulipoufungua, nilizipanga rekodi zote kwa tarehe nikazilinganisha na vipimo vya ghalani. Ziada haikutapakaa, ilijikusanya katika mafungu ya siku tatu au nne, na baina ya fungu na fungu zilipita kama siku 15. Mtengenezaji wa programu akiona jambo linalojirudia kila baada ya wiki mbili, mawazo yake hayaendi kwenye mwezi wa mbinguni, yanakwenda kwenye kazi iliyopangiwa ratiba ndani ya seva. Tulikuwa nayo moja, ripoti ya mhasibu inayotoka tarehe 1 na tarehe 15, na nilipoteza siku mbili nzima nikiisoma mstari kwa mstari, nikiwa na yakini kuwa ndiyo inayonakili rekodi. Haikuwa ikinakili kitu. Tena tarehe zake hazikulingana na mafungu yale. Mwezi wa kwanza zilikaribiana, miezi iliyofuata zikaanza kuachana, nami nikaupuuza mwachano huo kwa kuwa nilikwishapata mshukiwa wangu.

Mwisho nilimpigia simu yule karani kumwuliza kama siku hizo palikuwa na jambo lolote. Akacheka. "Hizo ni siku za kuleta, mwanangu. Bamvua likishakatika na mwani ukishakauka, wote wanakuja pamoja." Nikasubiri bamvua lililofuata, nikapanda boti.

Kituo ni chumba kimoja cha matofali chenye mlango mpana na dirisha dogo upande wa barabara. Simu ya kazi ilikuwa imetundikwa dirishani kwa kipande cha kamba ya mwani, kwa sababu mtandao unapatikana hapo tu. Ukiingia nayo hatua mbili ndani, alama zinapotea. Gunia likishatundikwa mlangoni, karani anaichukua simu, anapiga picha mzani, anarudi dirishani akiwa anakariri kilo kwa sauti ndogo, anaandika, anabonyeza Tuma, anaitundika simu na kusubiri, ilhali gunia jingine limekwisha kupandishwa na mwenye gunia anauliza kama tayari. Nilisimama nyuma yake nikikitazama kile kiduara kinavyozunguka. Kilizunguka hadi yakatokea maneno yetu: "Imeshindikana. Jaribu tena." Akabonyeza tena, bila ya kukasirika, kama mtu anayerudia kupiga hodi. Safari hii ikaandika "Imetumwa". Nilijiandikia kiganjani: saa nne na dakika kumi na mbili, kilo 38.

Jioni, katika nyumba ya wageni mjini Wete, nilifungua kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila ilichokifanya na saa yake. Seva huandika saa za UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo 10:12 ya kwenye simu huwa 07:12. (Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana bahati nyakati za asubuhi: saba toa tatu ni nne, na ndiyo saa yenyewe niliyoiandika kiganjani.) Palikuwa na mistari miwili. Rekodi imehifadhiwa, 07:12:04. Rekodi imehifadhiwa, 07:12:51. Mkulima yuleyule, aina ileile, kilo 38 zilezile, picha ileile. Safari ya kwanza, ile "iliyoshindikana", ilikuwa imefika salama.

Jibu lililopotea njiani

Baada ya kuiona mistari ile miwili, mambo mengine yalijipanga yenyewe. Picha ya mzani ilikuwa nzito, na kwa mtandao ule ilikula sehemu kubwa ya sekunde 30. Seva ilipoipata, iliihifadhi rekodi mara moja, lakini kabla ya kujibu ilikaa kutengeneza stakabadhi. Jibu lilipotoka, simu ilikuwa imekwisha kukata tamaa. Siku za kawaida safari nzima huenea ndani ya sekunde 30, ndiyo maana hatukuiona hitilafu wakati wa majaribio. Siku za kuleta, makarani wa vituo jirani hutuma kwa pamoja kupitia mnara mmoja, na safari haienei.

Anayetuma ombi kupitia mtandao anaweza kukutwa na mambo matatu: ombi limefika na jibu limerudi, ombi halikufika, au ombi limefika lakini jibu limepotea. Kwa upande wa simu, la pili na la tatu hayatofautiki hata kidogo, kwani yote mawili ni kimya. Wataalamu wanaijua shida hii tangu miaka ya 1970, na mwaka 1978 Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata, aliieleza kwa mfano wa majenerali wawili wanaotumiana wajumbe kupitia bonde lenye maadui, ambapo hakuna anayeweza kuwa na yakini kwamba ujumbe wake wa mwisho umefika. Kanuni za HTTP, ambazo programu hufuata zinapozungumza na seva, nazo zinalitambua jambo hili: ombi la PUT (weka) au DELETE (futa) linatakiwa liache hali ileile hata likirudiwa mara ngapi, ilhali POST (peleka), tuliyoitumia sisi, haina ahadi hiyo. Yote haya nilikuwa nimeyasoma na kuyafanyia mtihani. Hata hivyo programu yangu ilimwambia karani "Imeshindikana", neno ambalo haikuwa na haki ya kulitamka, kwa sababu ilichokuwa nacho ni kutojua, basi.

Dawa iliyouzidi ugonjwa

Nilirudi mjini na haraka zangu. Mnunuzi alitaka jibu kabla ya bamvua jingine, nami nikaona dawa iliyo karibu kabisa ni kuifundisha seva kutambua marudio. Kanuni niliyoiandika ilikuwa hivi: zikija rekodi mbili za mkulima mmoja, kituo kimoja, aina moja na kilo sawasawa, zikipishana kwa chini ya dakika 10, ya pili ihesabiwe kuwa ni marudio na isihifadhiwe, lakini simu ijibiwe "Imetumwa" ili karani asiendelee kubonyeza. Msimbo wake haukufika hata mistari 20. Tuliujaribu juu ya rekodi za miezi iliyopita, na ziada yote ikatoweka. Kwa kweli ilitoweka na kupita, maana kanuni iliondoa kilo zaidi kidogo ya zile zilizokuwa zimezidi, na mmoja wetu akasema tofauti hiyo itakuwa ni unyevu. Sote tukakubali. Naandika hili kwa aibu, kwa sababu ndiyo maelezo yaleyale waliyobebeshwa akinamama, na sisi ndio tuliokuwa na ushahidi kwamba hayakuwa kweli.

Siku ya pili ya kuleta, karani alinipigia simu kabla ya adhuhuri. Mama aliyeleta magunia sita alikuwa na stakabadhi za magunia manne. Mwengine alileta matatu, mfumo ukamwandikia moja. Hakuna simu iliyoandika "Imeshindikana". Zote ziliandika "Imetumwa", kwa hiyo karani hakuwa na sababu ya kushuku kitu mpaka watu walipoanza kuhesabu vikaratasi vyao.

Ukifika kituoni sababu unaiona kwa macho, bila ya kumbukumbu za seva. Magunia ni ya ukubwa mmoja, na kila mama hujaza mpaka mdomoni kwa namna yake ileile, akishindilia kwa mikono ileile. Mzani ni wa mshale, na makarani huandika kilo nzima bila ya nukta. Mtu mwenye magunia sita anaweza kabisa kuwa na matatu ya kilo 38, na kwa kuwa hupimwa moja baada ya jingine, yote sita huisha ndani ya dakika 10. Nilichokiita marudio ndiyo hali ya kawaida ya mkulima mzuri. Kadiri mama alivyokuwa hodari na mwenye mpango katika ujazaji wake, ndivyo kanuni yangu ilivyomnyang'anya zaidi.

Makosa mawili haya, ukiyatazama ndani ya msimbo, yanafanana: moja linaongeza mstari, jingine linapunguza. Vituoni hayafanani. Rekodi ikizidi, anayepoteza ni mnunuzi, ambaye ana ghala, mzani wa pili na mhasibu wa kugundua. Ikipungua, anayepoteza ni mtu aliyesimama majini wiki sita akingojea siku hiyo, na ushahidi wake pekee ni kikaratasi ambacho sisi ndio tuliokichapisha. Tangu hapo, kabla ya kuandika kanuni yoyote ya kufuta au kukataa, huuliza kwanza ikikosea itamkosea nani, na huyo atajuaje kuwa amekosewa.

Tuliiondoa kanuni usiku uleule. Asubuhi nikawa bandarini tena.

Safu ya Na.

Msimamizi alikuwa amewaambia makarani kuwa madaftari hayana kazi tena, lakini yule mama aliendelea kuandika lake. Tulikaa kwenye mkeka nje ya kituo, yeye akisoma mstari wa daftari, mimi nikitafuta rekodi yake katika kompyuta. Palipokuwa na magunia mawili ya kilo 38 ya mama mmoja, yeye hakusita hata kidogo kusema lipi ni lipi. Mimi sikuwa na njia ya kulijua hilo.

Alasiri walikuja watu wachache, akasimama kupima, nami ndipo nilipotazama mpangilio wa mikono yake, jambo ambalo safari ya kwanza sikulifanya kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye skrini. Kabla gunia halijatundikwa, anaandika namba katika daftari. Namba hiyohiyo anaiandika juu ya gunia kwa kipande cha mkaa. Kisha gunia linapanda, mshale unatulia, na ndipo anajaza kilo. Kwa dakika moja hivi mstari ule unakaa ukiwa na namba tu, bila ya uzito. Nikamwuliza kwa nini asiandike namba baadaye, jioni, akishamaliza kazi.

"Namba hii si ya kuhesabia, mwanangu. Ni ya gunia. Watu wakinipigia kelele nikasahau kama nimeshaliandika, natazama gunia, natazama daftari. Namba ikiwamo, basi lishaandikwa."

Nikaukumbuka ule mstari wangu: haihitajiki, hifadhidata itajaza yenyewe. Hifadhidata kweli ilikuwa ikijaza namba, lakini namba ile ilizaliwa rekodi inapofika kwenye seva, kwa hiyo kilichokuwa kikihesabiwa ni mafiko. Gunia lililofika mara mbili lilipewa namba mbili, kwa uaminifu kabisa, na seva haikuwa na njia ya kujua kuwa ni moja. Karani alilipa gunia jina mlangoni, kabla ya lolote kuweza kuharibika, na kwa jina hilo aliweza kurudia kuandika, kukatizwa, kuondoka kwenda kuswali na kurudi, bila ya gunia kuwa mawili wala mawili kuwa moja. Nilikuwa nimemnyang'anya chombo chake kisha nikashangaa kuona amepotea njia.

Marekebisho na yaliyotutatiza

Dawa yenyewe haikuwa ngumu kuiandika. Simu sasa hutengeneza UUID, namba ya biti 128 ambayo uwezekano wa kugongana na nyingine ni mdogo mno, na kuihifadhi katika SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu, kabla ya kutuma chochote. Upande wa seva tumeifanya safu ya UUID isikubali kurudiwa, na kwa kuwa hifadhidata tunayoitumia huko ni PostgreSQL tuliandika amri ya kuingiza pamoja na ON CONFLICT DO NOTHING (ikigongana, usifanye kitu), iliyopo tangu toleo la 9.5. Rekodi ikija mara ya pili na UUID ileile, seva haiongezi kitu. Inatoa jibu lilelile ililolitoa mara ya kwanza. Karani akibonyeza mara kumi, gunia ni moja.

Tulikosea mara mbili katika kuijenga. Kwanza, mwenzangu aliweka utengenezaji wa UUID ndani ya kitufe cha Tuma, hivyo kila mbonyezo ulizaa namba mpya na dawa ikawa maji matupu. Majaribio yetu yote yalifaulu, kwa sababu hakuna jaribio lililobonyeza mara mbili. Namba lazima izaliwe karani anapofungua fomu ya gunia jipya, kama vile yule mama anavyoandika namba kabla ya kulipandisha. Kosa la pili lilijitokeza kituoni: karani alituma kilo 83, hakupata jibu, akagundua kuwa amegeuza tarakimu, akasahihisha kuwa 38 na kutuma tena kwa UUID ileile. Seva ikaona ni marudio na kuacha 83. Sasa ikija UUID inayojulikana lakini yenye yaliyomo tofauti, seva hainyamazi. Inaitia alama rekodi hiyo na kumrudishia karani ili aamue, na masahihisho yanaandikwa kama tukio jipya linalolitaja la zamani, wala hakuna kinachofutwa.

Picha tuliitenganisha na rekodi. Rekodi peke yake haifiki hata kilobaiti moja, inapita hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Picha hufuata baadaye, hata usiku. Stakabadhi nayo hutengenezwa baada ya jibu kutoka.

Maneno ya kwenye skrini ndiyo yaliyochukua mjadala mrefu kuliko msimbo. Tuliliondoa neno "Imeshindikana". Nilipendekeza "Imehifadhiwa kwenye simu, uthibitisho haujapokewa", karani akasema hayo ni maneno ya barua ya serikali. Akanionyesha WhatsApp katika simu yake mwenyewe: tiki moja, tiki mbili. Ndivyo ilivyo sasa. Tiki moja maana yake gunia limo ndani ya simu na karani aendelee na kazi. Tiki mbili maana yake seva imelikiri. Simu hujirudia yenyewe kutuma kila inapopata mtandao, na hakuna tena kitufe cha kujaribu tena.

Kwa majaribio, tulijifunza kuwa kupunguza kasi ya mtandao hakutoshi. Ofisini tunatumia netem, chombo cha Linux cha kuigiza mtandao mbovu, kuuchelewesha na kupoteza pakiti, yaani vipande vya ujumbe, lakini lililotufaa zaidi ni programu ndogo tuliyoiweka baina ya simu na seva, ambayo kazi yake ni kulipitisha ombi na kulimeza jibu. Asiye na nafasi ya kuiandika anaweza kubonyeza Tuma kisha akaiweka simu katika hali ya ndege mara moja. Akifanya hivyo mara 20, moja au mbili zitamwangukia palepale panapouma.

Kusafisha rekodi za nyuma kulichukua siku nyingi kuliko yote. Hatukufuta mstari wowote. Kila rekodi yenye shaka tuliilinganisha na daftari, na kwa vituo ambavyo karani alikwisha kuacha kuandika tulitumia picha za mzani, kwa kuwa rekodi mbili zenye picha moja ni gunia moja, na zenye picha mbili tofauti ni magunia mawili hata kilo zikilingana. Iliyothibitika kuwa marudio ilitiwa alama ya kubatilishwa pamoja na sababu na jina la aliyeamua. Magunia yaliyokataliwa na kanuni yangu hayakuwa na rekodi kabisa, ila kumbukumbu za seva zilikuwa zimeyaandika maombi yake, na humo ndimo tulimoyatoa moja moja. Mnunuzi aliwalipa waliopunjwa katika siku za kuleta zilizofuata, na aliamua kutowadai waliozidishiwa. Tulimwomba msimamizi awaambie akinamama, palepale vituoni alipowalaumu, kwamba kosa lilikuwa la programu. Aliwaambia, kwa sentensi mbili.

Bamvua la kwanza baada ya marekebisho nilikuwa mjini, nikizitazama kumbukumbu za seva kutoka mezani kwangu. Katika asubuhi moja kituo kile kilirudia kutuma mara 23. Kila mara seva ilijibu kuwa gunia hilo inalo, na jedwali halikuongezeka mstari.

Msimamizi alipoleta bajeti mpya alikuwa ameufuta mstari wa madaftari ya makarani, akisema mfumo sasa umekamilika na hauna haja ya karatasi. Nilimwandikia kumwomba aurudishe, nikaambatanisha picha ya ule ukurasa nilioupiga siku ya kwanza. Ameurudisha. Ila ameongeza kwamba daftari liwe la kurasa 96 badala ya 200, na karani amenipigia simu kunilalamikia kuwa halifiki mwisho wa msimu.